Dakeli Mwekundu wa Ma Evodia

"Mwambie mama yako," alisema Zahoro, uso ameugeuzia ukuta, "mwambie tangu mbwa wake aingie Miembeni hakuna kiumbe kilichopata usingizi. Hata samaki wa ziwani wamehamia upande wa Uganda! Na kanzu zangu zimefuliwa mara saba, mara saba, mpaka zimekuwa chandarua. Mwambie!"

"Mama," mkewe akaanza, "Baba Awadhi anasema..."

"Nimemsikia. Nimevunjika mguu, sikuvunjika masikio. Mwambie mume wako mbwa wangu hajabweka hata siku moja."

"Mwambie mama yako sikusema anabweka. Angebweka ningeshukuru, ningejua ni mbwa. Huyu analia! Analia kama mjane!"

Zahoro mwenyewe alijua neno limemponyoka. Ma Evodia alimzika mumewe mwaka jana tu. Alishusha kitenge kikamfunika paji la uso, akamvuta mbwa karibu na miguu yake.

Mimi, dereva niliyekodiwa kuleta kitanda cha bibi siku chache baada ya yeye na mbwa kuhamia, nilikuwa nimekaa pembeni ya pikapu yangu, nasubiri waelewane ili nijue kama kinashuka au kinarudi kwao kijijini Izimbya. Ua wa Zahoro si mkubwa. Ukitandaza turubai moja la kuanikia kahawa umeumaliza. Watu watatu wamesimama humo, mmoja akimeza mate mwenzake anasikia, na bado maneno yote lazima yapitie kwa mke. Mgeni angesema hawa wamerukwa na akili. Lakini kwetu Wahaya, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali sahani moja, na kulala chini ya paa moja ndiyo usiseme. Zahoro ni Mwislamu wa swala tano, Ma Evodia ni Mlutheri wa kwaya, lakini likija jambo la ukwe wote wawili ni Wahaya tu, ukuta ndio mkalimani.

Yule mke wa Zahoro sasa anaitwa Nuriat. Alizaliwa Penina. Mama yake hajawahi kulitamka hilo jina jipya, na si kwa ubaya. Anasema linamteleza mdomoni. Binti ana watoto wanaoota ndevu, jina bado linateleza.

Kilichomleta bibi hapa mjini Bukoba ni mguu. Mumewe, Mzee Isaac, sisi tunasema Ta Isaac, alipofariki, ukoo ulikaa na kibanja kikaenda kwa Kahigi, mtoto wa kaka yake, maana marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Migomba, kahawa, na kaburi lenyewe katikati ya migomba, vyote vikawa vya Kahigi. Tusimsingizie, hakumfukuza mtu. Alimwachia bibi nyumba yake na sehemu ya kulima. Lakini masika haya bibi aliteleza kwenye mteremko wa kisimani na ndoo yake, akalala pale kwenye matope asiweze kuinuka. Waliomkuta wanasema hawakusikia mtu akiita. Walifuata kilio cha mbwa.

Mguu umeunga, lakini umeunga unavyotaka wenyewe. Penina, yaani Nuriat, akasema mama haishi peke yake tena. Na Zahoro, huyu huyu anayegombana na ukuta, ndiye aliyenunua matofali akamjengea mama mkwe chumba uani, mlango wake unatazama nyuma ili wasikutane. Wakwe wangapi hapa Bukoba wangefanya hivyo? Ila mbwa hapana. Mate ya mbwa kwake ni najisi, na anapotandika mswala ni pale tu, ukitupa kokwa la parachichi linafika. Huwezi kumlaumu. Mimi nilijaribu, nikashindwa.

Sasa nimweleze huyo mbwa, maana ukimsikiliza Zahoro utadhani ni chui. Ni mrefu kama mkungu wa ndizi, na urefu wote umelala chini. Wakati wa kugawa miguu alichelewa, akapewa ya kigoda. Masikio yananing'inia kama majani ya mgomba wakati wa kiangazi. Rangi yake ni nyekundu, ule wekundu wa udongo wetu, akijilaza njiani unaona macho mawili tu yanakutazama kutoka ardhini. Ni jike, ameshazeeka, mdomo umeanza mvi. Jina lake Karani, kwa sababu pua yake haikosi jambo la mtu, na akianza kufukua shimo la fuko haachi mpaka alifikishe mwisho.

Mbegu yao ni ya misheni. Zamani alikuwepo mama mmoja Mjerumani, mkunga, akafuga wawili wa namna hiyo. Yeye aliwaita dakeli, na sisi tukawaita dakeli. Ta Isaac alikuwa mpishi wake. Jike alikuwa mwekundu. Dume alikuwa wa madoa, kijivu kama majivu yaliyomwagiwa wino, na jicho moja la buluu kama la yule mama mwenyewe.

Sasa, ukoo wa Ta Isaac muziro wao ni ng'ombe wa madoa. Muziro ni mwiko wa ukoo, unazaliwa nao kama pua. Ng'ombe wa madoa hawamli, maziwa yake hawanywi, hata ngozi yake hawaikalii. Muziro ulisema ng'ombe, haukusema mbwa. Lakini Ta Isaac alikuwa mtu wa tahadhari. Kama madoa ni mabaya mgongoni mwa ng'ombe, yatakuwaje mema mgongoni mwa mbwa? Miaka yote alimpikia yule dume, wali na nyama, na sahani akaisukuma kwa ufagio.

Mama mzungu alipostaafu alimwachia Isaac mbwa wote wawili, huku analia. Isaac naye akalia, kwa adabu. Kesho yake akampeleka dume Muleba kwa rafiki yake mwalimu, bure, na asante juu. Jike alibaki na mimba. Akazaa, na wale waliotoka na madoa nao wakapakiwa kwenye kikapu cha baiskeli, hawajaacha ziwa sawasawa, wakaenda Muleba. Evodia wakati huo alikuwa bado kijana, alimwomba mumewe abakize hata mmoja. "Huyu mdogo tu, bojo, nakusihi." Alikataa. Ndani ya nyumba ile wakabaki wekundu.

Na wekundu wakaijaza nchi. Ukienda Izimbya leo, hutembei sana kabla hujakutana na mbwa mwekundu mwenye miguu ya kuazima. Wamechanganyika na mbwa wetu wa kawaida, kwa hiyo wapo wenye miguu mifupi mbele na mirefu nyuma, wanatembea kama wanashuka mlima hata penye tambarare. Wanaofuata kwa wingi ni weusi wenye nyusi za kahawia, wale wanaokutazama kama hakimu aliyeshasoma kesi yako. Wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, hao utasubiri sana. Mwenye manyoya marefu alizaliwa mmoja tu enzi za Ta Isaac, watu wakitoka ibadani wakapita kumtazama, wakasema amevaa joho. Wenye manyoya magumu kama brashi ya viatu inasemekana wapo, huko kwao Ulaya. Na wa madoa? Izimbya hayupo hata wa dawa. Wako Muleba, kwa Gamaliel, mtoto wa yule mwalimu, na watu wenye nyumba za vioo wanawafuata huko kama wanafuata mchumba.

Basi siku ile kitanda kilishuka, na Karani akapewa muda. Zahoro aliuambia ukuta, kwa sauti ya chini sasa, kwamba hasemi mbwa auawe, hasemi atupwe, anasema tu kabla ya Ijumaa awe amepata kwake. Ukuta ukampa Nuriat, Nuriat akampa mama yake.

"Mwambie nimeelewa," alisema Ma Evodia. "Mwambie ana haki, nyumba ni yake."

Nikawa dereva wa mbwa. Tulianza Izimbya kwa Kahigi, kwa kuwa Karani kibanja kile anakijua kuliko mwenye nacho. Kahigi alikuwa anakata majani ya migomba. Alipomwona tu, akacheka, akaonyesha kwa panga.

"Ma, hebu tazama pale."

Chini ya mti wa kahawa walilala wekundu kama viazi vilivyomwagwa.

"Hao wote ni wangu, na sikumwita hata mmoja. Nikiongeza mwingine wataniweka mimi nje."

"Huyu anakamata fuko, mwanangu."

"Wote wanakamata fuko, Ma. Ndiyo kazi ya wekundu."

Ma Evodia hakubishana. Aliomba kwenda kaburini kwa marehemu, akasimama hapo na fimbo yake. Karani alilala juu ya kaburi kama alivyozoea, na ilibidi nimbebe kurudi garini.

Tukaenda Buhembe kwa Anatolia, mwenye duka la vipodozi, mtu wa kanisani kwao, ana ua mkubwa na hana watoto. Anatolia alimpenda. Alimwinua masikio, akamkuna tumbo, mpaka nikaanza kufurahi.

"Mzuri jamani! Ila hawa si ndio wale wa Izimbya?"

"Ndio hao," nikasema.

"Mmh. Mna wa madoa?"

"Hatuna."

"Angekuwa wa madoa, Ma Evodia, ningemchukua sasa hivi, nikampiga picha pale mbele ya duka. Huyu watu watasema Anatolia kaokota mbwa."

Tulivyorudi garini, bibi alikaa na mbwa mapajani, akawa anampangusa mgongo kwa ncha ya kitenge. Anapangusa, anatazama. Anapangusa, anatazama. Kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha, labda chini yake kuna kitu.

"Mwanangu," akasema, "twende Muleba."

Nilimwambia Gamaliel ndiye mtu wa mwisho duniani kumtaka mwekundu. Akasema anajua. Akasema lakini yule ni ndugu yao, yaani ndugu wa mbwa, na ndugu hafungi mlango kabla hujabisha hodi. Nikawasha gari.

Kemondo tulipita, Muhutwe tukapita, bibi bado anapangusa. Karani alikuwa ameweka kidevu dirishani, masikio yanapeperuka, anafurahia safari kama mbunge. Mbele kidogo ndipo bibi akaniuliza:

"Hivi mbwa anakukumbuka kwa muda gani?"

"Ah, Ma, mbwa hana akili hiyo. Siku mbili, tatu, ameshakusahau."

"Hujawahi kufuga."

"Sijawahi."

"Ndiyo maana."

Gamaliel ana nyumba ya wageni pale Muleba, ya ghorofa moja, imepakwa rangi ya waridi. Mtu mkubwa, mcheshi, tumbo linafika kabla yake. Na barazani, waitu, jamani, ndipo nikawaona wa madoa kwa macho yangu. Wamelala juu ya mito yenye vitambaa vya kufuma, kila mmoja na mkanda wake shingoni. Kijivu na weusi, kahawia na maziwa, hakuna wawili waliofanana, na mmoja ana jicho la buluu. Wageni wawili walikuwa wamechuchumaa wanapiga picha.

Ma Evodia alisimama kwenye ngazi. Kuolewa kule kote alishika muziro wa mumewe kama wake. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Kisha akaunyoosha tena, akamgusa mmoja kichwani kwa vidole viwili.

"Huyu ana paji la huyu wangu," alisema.

"Ni tumbo moja, Ma," alijibu Gamaliel. "Baba alikuwa anasema, 'Isaac amenipa utajiri akidhani ananipa mkosi.' Kila mwaka alikuwa anacheka. Mimi nimewaongeza tu dume mmoja kutoka Kampala, damu isichoke. Kaa, Ma. Leteni kiti!"

Bibi alikaa, akasema shida yake yote bila kupamba. Gamaliel alisikiliza, nitampa haki yake, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama Karani, akatikisa kichwa.

"Ma, sikufichi. Hata hawa wangu wakizaa, wanatoka wekundu na weusi pia, na hao nawagawa kama mchicha. Mwekundu yuko kila mahali. Wa madoa ni wachache, ndiyo maana mtu anatoka Mwanza kumfuata. Si mimi, Ma. Ni watu. Watu wanataka kile ambacho jirani hana."

Wakati anasema hayo, kikatoka kimbwa cheupe kutoka mlango wa jikoni. Cheupe pe, kama kimepakwa chokaa. Kikatembea moja kwa moja mpaka kikagonga mguu wa meza, kikakaa, kikageuka, kikagonga kiti. Mmoja wa wageni akacheka. Gamaliel hakucheka.

"Huyo ni ujinga wangu," alisema. "Niliwapandisha wa madoa kwa wa madoa. Nikafikiri madoa yataongezeka. Wenzake wametoka salama, huyu akatoka hivyo. Haoni, hasikii. Daktari wa mifugo aliniambia baada ya harusi, si kabla."

"Anakula?" aliuliza Ma Evodia.

"Mke wangu anamlisha mkononi. Barazani hatumleti, amejileta."

Bibi alikiinua, akakiweka mapajani. Kilimnusa mikono, kila kidole. Tukawa tumekaa hivyo, ndipo nikagundua kamba niliyoishika haina mbwa.

Bibi alikitua kile cheupe, tukamkuta Karani nyuma ya nyumba, kwenye viazi vitamu vya Gamaliel. Au tuseme tuliikuta nusu yake, nusu nyingine ilikuwa ardhini. Udongo unaruka nyuma kama maji ya bomba lililopasuka. Gamaliel akafungua mdomo kulalamika, kabla hajatamka Karani akarudi kinyumenyume, uso wote matope, na fuko mnene mdomoni. Akampita Gamaliel kama hayupo, akaja kumweka miguuni pa bibi.

Gamaliel alicheka mpaka akashika mti.

"Mafuko yamenimaliza mwaka mzima! Hawa mabibi harusi wangu wa barazani hawajui hata kuchafuka kucha. Ma, huyu nimemchukua. Nimemchukua!"

Nikamgeukia bibi nikitabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Atalala wapi?"

"Hapa hapa shambani. Nitamwekea mabati mawili, mvua isimpige."

"Kwangu hulala chini ya kitanda."

"Ma, ndani na wale siwezi. Wageni wakimwona watasema mbona hawa tunao kijijini. Biashara yangu ni madoa. Huyu atakuwa wa kazi, wenzake wa maonyesho. Chakula atapata kama wao, nakuapia."

"Atafungwa?"

"Mwanzoni. Asije akakufuata mpaka Bukoba."

Ma Evodia alitazama viazi, akatazama ule waya wa kuanikia nguo ambao Gamaliel alikuwa ameshaanza kuukata kwa koleo, mtu wa vitendo. Nilidhani atakataa. Nilitamani akatae, halafu nikakumbuka kwamba kukataa kwake kungeturudisha Miembeni na mbwa, na Ijumaa ilikuwa kesho. Naye nadhani alikumbuka hilo hilo, maana alishusha pumzi.

"Dagaa anakula," alisema. "Ndizi anakula, ikiwa imepondwa. Mifupa ya kuku usimpe. Radi ikipiga anatetemeka, mtu akae naye."

"Nitakaa naye," alisema Gamaliel, na wote tulijua hatakaa.

Kwenye kikapu chake bibi alitoa koti la zamani la marehemu, lile la jikoni, lenye mfuko uliochanika. "La kulalia." Gamaliel alilipokea kwa mikono miwili, akaangalia huku na huku, akalitundika kwenye nguzo ya uzio kwa sasa. Karani aliponusa lile koti alisimama kwa miguu ya nyuma akijaribu kulifikia, na miguu ile, unajua tena, haifiki popote. Akarudi shimoni kwake kufukua.

Bibi hakuinama kumuaga. Mguu haukunjiki. Alimtazama tu mgongo, ule mgongo mwekundu ambao Izimbya nzima wanao, kisha akageuka akashika njia ya kutokea.

"Ma Evodia!" Gamaliel aliita, waya mkononi. "Hujaniambia anaitwa nani!"

Bibi alikuwa ameshafika barazani.

"Nikitaka aje, nimwite nani? Ma!"

Gamaliel akanitazama mimi. Mimi jina nilikuwa nalijua, lakini halikuwa langu kulitoa; nikatazama viazi. Ma Evodia alipita katikati ya wale wa madoa, fimbo mbele, mguu mbovu nyuma, asigeuze shingo, akashuka ngazi moja moja, akatoka getini.